Nasafiri na silaha za kobudo kwa ndege, je, nitafika nazo?

Shikamoo Mwalimu,

Nina mkanda wa kahawia kwenye karate, na siku hizi muda wangu mwingi nautumia kwenye kobudo, sanaa ya silaha za jadi za Okinawa, Japani. Mwezi ujao mimi na wenzangu wawili tumealikwa kwenye semina nchini Ujerumani, na siku ya mwisho kutakuwa na maonyesho ambayo klabu yetu imepewa nafasi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege na silaha za mazoezi, na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Tunataka kubeba bo (fimbo ndefu) mbili za mwaloni, jozi ya sai (silaha zenye ncha tatu) za chuma, jozi mbili za tonfa (fimbo fupi zenye mpini wa pembeni), na nunchaku moja (vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo) ambayo mwalimu wetu ameichonga kwa mkono wake ili nimkabidhi mwenyeji wetu kama zawadi. Halafu kuna sare, kinga za mwili na kifuko cha huduma ya kwanza.

Senpai wangu mmoja, yaani mwanafunzi aliyenitangulia, ameniambia nunchaku niizungushie sare katikati ya begi ili mashine isiione vizuri, na nikiulizwa niseme ni kamba ya kuruka. Mwingine anasema tuingie na kila kitu ndani ya ndege, kwa sababu ni mbao tu zisizo na makali, na tukivaa tisheti za klabu watatuona ni wanamichezo. Bo nazo zinaninyima usingizi. Zina sentimita 182 na sina begi linalokaribia urefu huo.

Kuna na hili la tiketi. Tulizopata ni mbili tofauti kwa sababu zilikuwa nafuu: ya kwanza inatufikisha London, pale tunachukua mizigo yetu na kuanza upya na shirika jingine mpaka Ujerumani. Mwenzetu mdogo ana miaka 15, na mama yake amesema kila mtu abebe vyake.

Sitaki kumvunja moyo mwalimu wangu, ambaye alikesha akiisugua ile mbao. Lakini pia sitaki kufika mbele ya ofisa wa forodha nikaanza kubabaika. Naomba unishauri.

Mkanda wa Kahawia

*

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa mwaliko.

Nianze na lililo zito kuliko yote, ingawa wewe umelitaja kwa kupita tu. Hiyo nunchaku isisafiri. Isiingie kwenye begi la mkononi, isiingie kwenye begi la kukabidhi kaunta, na wala isitangulizwe kwa posta. Sheria ya silaha ya Ujerumani inaitaja nunchaku kwa jina, katika kundi la vifaa vya kumkaba mtu koo, na kundi hilo limepigwa marufuku kabisa: kumiliki, kununua, kuuza na kuingiza nchini. Haiulizi kama umeichonga kwa mapenzi wala kama una mkanda wa rangi gani. Ruhusa ya kipekee ipo, hutolewa na ofisi ya shirikisho ya upelelezi wa jinai, BKA, lakini hilo si jambo la kuanza kulifuatilia mwezi mmoja kabla ya safari. Na usimfikirie aliye mbele ya forodha peke yake. Mwenyeji wako akipokea zawadi hiyo, naye anakuwa anamiliki kitu kilichokatazwa nchini mwake. Mtamweka pabaya mtu aliyewafungulia mlango.

Ndiyo maana ushauri wa senpai wako wa kuificha umenisikitisha. Begi likipita kwenye eksirei, vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa mnyororo au kamba huonekana wazi, sare isizuie chochote, kwa sababu kitambaa ndicho kitu chepesi kuliko vyote kwenye picha ile. Kisha anayekagua anakuta kitu kimefungwa kwa makusudi kisionekane, na mwenye begi anasema ni kamba ya kuruka. Hapo kosa la kutojua sheria limeshageuka kuwa udanganyifu. Mtu mwenye kitu halali hana haja ya kukizungushia sare, na mwenye kitu kisicho halali sare haitamwokoa.

Kwa mwalimu wako nenda mapema, leo kama inawezekana, na umweleze ana kwa ana. Mwambie: "Mwalimu, nimeulizia, Ujerumani hawaruhusu nunchaku, na mwenyeji wetu anaweza kupata matatizo akiipokea." Mtu aliyekaa kwenye sanaa hii muda mrefu anajua kwamba kumlinda mwenyeji ni sehemu ya heshima. Muulize kama angependa kupeleka kitu kingine cha mkono wake, labda maandishi ya jina la klabu kwenye kipande cha ubao, au mkanda uliodariziwa. Hiyo nunchaku ibaki dojo, ukumbi wenu wa mazoezi, mahali inapostahili. Na asijione amefanya jambo la ajabu, maana sheria hizi zinatofautiana sana. Canada nayo inaiweka nunchaku kwenye silaha zilizokatazwa. Jimbo la New York liliipiga marufuku mwaka 1974, wakati filamu za kung fu zimepamba moto, na marufuku hayo yakaja kutenguliwa na mahakama ya shirikisho mwaka 2018. Mtu anaweza kufanya mazoezi ya kitu kimoja maisha yake yote bila kosa, akavuka mpaka mmoja akawa mhalifu.

Hapo ndipo ninapotaka uweke akili yako yote. Wasafiri wengi wa michezo hii huuliza shirika la ndege linaruhusu nini. Wakishajibiwa kwamba vifaa vinaruhusiwa kwenye mzigo wa chini, wanaona wamemaliza. Shirika la ndege linaangalia usalama wa ndege yake tu. Halikuahidi kwamba nchi unayoshukia inakikubali ulichobeba. Kwa hiyo kwa kila kifaa uliza maswali mawili kwa watu wawili tofauti: shirika la ndege kuhusu kubeba, na forodha au polisi wa kila nchi unayokanyaga kuhusu kuingiza.

Nimesema kila nchi unayokanyaga, na hapa tunakuja kwenye tiketi zenu. Mkichukua mizigo London, mmeingia Uingereza na vitu vyenu vyote, na sheria za Uingereza zinawahusu hata kama mtakaa pale muda mfupi. Kwanza mtapita uhamiaji, kwa hiyo angalieni kabla ya jambo lolote kama pasi zenu za kusafiria zinahitaji viza ya Uingereza. Nauli ile nafuu inaweza kupotea hapo hapo. Pili, Uingereza ina orodha yake ya silaha zilizokatazwa chini ya sheria ya mwaka 1988. Humo mna nyota za kurusha na minyororo yenye vizito ya manrikigusari. Mwaka 2004 ziliongezwa fimbo za aina ya polisi: zilizonyooka, zenye mpini wa pembeni, na zile za kuchomoza. Fimbo yenye mpini wa pembeni, mwanangu, ndiyo tonfa kwa umbo. Wewe unaiona ni ya kata (mfululizo wa mapigo ya mazoezi), ofisa anaweza kuiona ni ile iliyoandikwa kwenye orodha yake, na kaunta ya forodha si mahali pa kumfundisha mtu historia ya Okinawa.

Kama bado inawezekana kubadilisha, nunueni tiketi moja inayounganisha safari nzima, mzigo upitilize mpaka Ujerumani bila kupita mikononi mwenu. Kaunta ya kwanza wakishaubandika karatasi, isome kabla mzigo haujaondoka kwenye mizani: herufi tatu kubwa ziwe za uwanja wa mwisho, na namba iliyo kwenye kipande unachobaki nacho ifanane na ya kwenye begi. Ikiwa imeandikwa kituo cha katikati, sema pale pale. (Kwa wasomaji wengine wanaopitia Marekani, hata tiketi moja haiwaondolei jambo hili. Kwa kawaida mzigo huchukuliwa na kupitishwa forodhani kwenye uwanja wa kwanza mnaotua, ndipo unakabidhiwa tena.) Kama tiketi haziwezi kubadilishwa, tonfa ziacheni na muazime kule.

Sasa huyu senpai wa pili, wa kuingia nazo ndani ya ndege. Hapana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/1998, yenye orodha ya vitu visivyoingia kabini, inavitaja vifaa vya sanaa za mapigano mara mbili: kwenye vitu butu vya kupigia, pamoja na virungu na magongo ya besiboli, na tena kwenye vitu vyenye ncha au makali, pamoja na mapanga. Wakaguzi wa Marekani wana msimamo huo huo. Kwa hiyo hoja ya kwamba ni mbao tu imeshajibiwa kabla hamjafika uwanjani. Mkijaribu, mtaambiwa mrudi kaunta mkaikabidhi, na kama muda umekwisha, silaha inabaki pale na nyinyi mnaondoka. Tisheti za klabu hazina kazi kwenye mstari wa ukaguzi.

Kabini peleka vile ambavyo mkivikosa hamtaweza kuingia ukumbini: sare, mkanda, kinga ya meno, kinga ya kinena, kitabu chako cha madaraja na barua ya mwaliko. Begi la chini likichelewa kwa siku mbili, bado utavaa na kusimama mstarini, na bo utaazimwa. Kinga ya kinena iwe kwenye begi, usipite nayo mwilini kwenye mashine, maana utasimamishwa na kupapaswa bila sababu. Glavu na kinga za ugoko hazina shida, ila zinakula nafasi.

Kuhusu bo, wasiwasi wako una msingi. Mashirika mengi huhesabu urefu, upana na kimo cha begi kwa pamoja, na jumla isizidi sentimita 158. Bo ya shaku sita (kipimo cha urefu cha Kijapani) ina sentimita 182 hata kabla hujaiwekea kifuko, kwa hiyo ni mzigo mkubwa kupita kawaida kwa vyovyote vile. Hiyo ina maana ya malipo ya ziada, kuomba nafasi mapema, na kupeleka kwenye dirisha la mizigo mikubwa badala ya mkanda wa kawaida. Tena kama safari ina kipande cha ndege ndogo ya pangaboi, huenda mlango wa mizigo usipitishe kitu kirefu kiasi hicho. Jo, fimbo fupi kuliko bo, ya sentimita 128 inaingia ikiwa kifuko ni chembamba. Bokken, upanga wa mbao wenye urefu wa kama mita moja, haina tatizo kabisa. Bo ndiyo inayosumbua.

Kama ningekuwa mimi, bo ningeazima. Ni silaha ambayo kila dojo ya kobudo inayo, na mwaliko wa semina unatosha kuandika barua pepe fupi ya kuuliza kama kuna bo mbili za urefu na unene unaoutaka. Taja kipenyo pia, na kama unapenda iliyo nyembamba kwenye ncha au ya unene mmoja. Fika siku moja kabla uizoee, kwa sababu uzito hautakuwa ule ule mkononi. Zipo pia bo za kufungua vipande viwili au vitatu zinazounganishwa kwa skrubu ya chuma, na hizo zinaingia kwenye begi la kawaida. Zinafaa kwa mazoezi na maonyesho ya kata. Kwa kumite (pambano la watu wawili) ya kugonganisha mbao mimi siziamini, kile kiungo ndipo zinapovunjikia. Ukisisitiza kubeba zako, tafuta bomba gumu la plastiki kama la mafundi bomba, refu kidogo kuliko bo, lenye vifuniko pande zote mbili. Jaza nguo kwenye ncha zisigonge, na andika jina na simu juu ya bomba na ndani yake.

Sai ndizo zinazoweza kusafiri nanyi. Hazimo kwenye orodha za silaha zilizokatazwa nilizokutajia, ila zina ncha, na kuna mfanyakazi atakayetia mkono kwenye begi hilo. Chukua kipande cha mpira wa bomba la kumwagilia, kikate mara sita, vipande vya urefu wa kidole, uchomeke kimoja kwenye kila ncha: ile ya kati na mbili za pembeni, kwa sai zote mbili. Zungushia utepe wa gundi kuanzia kwenye mpira mpaka kwenye chuma ili visichomoke. Zilaze sai mbili zikipishana, mpini wa moja kwenye ncha ya nyingine, zifunge kwa taulo, kisha kwa kamba. Ukitikisa furushi usisikie chuma kikigongana. Weka furushi hilo juu kabisa ya begi, si chini, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani kwamba ni vifaa vya mazoezi, ni vingapi, vya nini, na namba yako ya simu. Anayefungua begi ana haraka. Akiona mara moja anachokitafuta, hatavuruga vingine, na ataweza kukirudisha kilivyokuwa.

Begi hilo lifungwe kwa kufuli. Ujerumani, tangu mwaka 2008, imekataza kubeba hadharani silaha za kupigia na kuchomea, lakini inaruhusu kuzisafirisha zikiwa ndani ya chombo kilichofungwa. Kwa hiyo kufuli lina kazi hata baada ya ndege: kwenye treni ya kutoka uwanjani, hotelini, njiani kwenda ukumbini. Msitoe sai kituoni mkapiga picha. Najua raha ya picha za safari, ila subirini mfike ndani ya dojo.

Kijana wa miaka 15 asiwe na silaha hata moja kwenye begi lililoandikwa jina lake. Mama yake amesema vizuri kwa sare na kinga, hizo abebe mwenyewe. Sai zikae kwenye begi la mtu mzima mmoja kati yenu, awe ndiye atakayejibu maswali, na awe na barua ya klabu yenye anwani, majina yenu, orodha ya vifaa na tarehe za semina, pamoja na nakala ya mwaliko. Ofisa akiuliza, jibu fupi: tunakwenda kwenye semina ya kobudo, humu kuna jozi moja ya sai, barua hii hapa. Msicheke na neno silaha wala msitaje bomu, hata kwa utani wenu wenyewe kwenye foleni.

Kifuko cha huduma ya kwanza kiangalie mara mbili. Spreyi za kupoza maumivu nyingi zina gesi inayowaka, na zenye alama ya moto ziache, mtanunua kule. Mafuta ya kuchua yakizidi mililita 100 yaende chini. Pawabenki na betri za akiba za lithiamu ni kinyume chake: zinakaa kabini tu, haziruhusiwi chini, na zisizozidi wati-saa 100 hazihitaji ruhusa ya shirika.

Uzito nao usiusahau, kwani chuma hujificha. Kikomo cha kawaida cha daraja la chini ni kilo 23 kwa begi, na mashirika mengi hayapokei begi linalozidi kilo 32 hata ukilipia. Pimeni nyumbani.

Kabla ya kufunga begi piga picha kila kitu kikiwa kimetandazwa sakafuni, kisha piga begi likiwa limefungwa. Likipotea au likifika limepasuka, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha taarifa na kupewa namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa kuandikwa ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Kikomo cha fidia, tangu mwisho wa mwaka 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kinatosha kwa sai na sare. Kwa silaha ya kurithi hakuna fidia, kwa hiyo za namna hiyo zisisafiri.

Umenigusia pia kwamba hutaki kubabaika. Atakayekuwa na hati mkononi na begi lisilo na siri hababaiki, na nyinyi mkiacha nunchaku mna hali hiyo tayari.

Mambo ya kufanya wiki hii, kwa mpangilio: mwalimu, tiketi, barua pepe ya kuazima bo na tonfa. Mwenyeji akikujibu kwamba hana bo za kuwatosha, niandikie tena mara moja pamoja na jina la shirika na aina ya ndege kwa kila kipande cha safari, tuone kama bomba lile linapita. Na wakati wa kurudi, mkipewa zawadi kule, ulizeni forodha ya kwenu kabla ya kuifunga kwenye begi. Nyota za kurusha na visu vya kukunjua huuzwa kwenye maonyesho ya nchi mbalimbali kama mapambo, na wengi hukamatwa navyo wakirudi nyumbani.

Mwalimu